Nastashiamu za Kuning'iniza: Maji Kwanza, Mbolea Baadaye

Ukikaa nyumba ya kupanga Kamenu, mjini Thika, huenda shamba lako lote ni baraza la hatua nne na kipande cha ukuta. Chini pameshachukuliwa: kuna tangi la maji, pikipiki ya jirani, kuku wa mwenye ploti na watoto wa mpira. Kilichobaki ni hewa, nayo hailipiwi kodi. Kikapu kimoja kilichotundikwa kwenye boriti kinatosha kumfundisha mtu ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, na mmea ninaompendekezea mtu huyo ni nastashiamu. Mbegu zake ni kubwa, zinashikika hata kwa vidole vizito. Huota upesi, huchanua kabla hujakata tamaa, tena jani, ua na mbegu mbichi vyote vinalika. Kuku hawaufikii ukiwa juu, wala mbuzi anayezurura mtaani.

Asili ya mmea huu ni milima ya Andes, Peru na majirani zake, ambako jua ni la ikweta lakini hewa ni ya baridi. Ndiyo maana huku kwetu hustawi zaidi ukipanda mwinuko. Sehemu za Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hutambaa wenyewe bila kuulizwa. Thika iko mita 1,500 hivi, na joto lake la Februari jamaa wa Limuru halijui. Kwa hiyo shangazi yako wa huko akikwambia uzitupe tu mbegu na uzisahau, mshukuru, kisha usimfuate. Wewe uko Kamenu, na mmea wako uko kikapuni, umezungukwa na upepo pande zote.

Nimeona waanzaji wengi wakifanya kinyume cha kinachotakiwa: wanaujaza mmea samadi kwa upendo, halafu wanausahau siku mbili bila maji. Nastashiamu iliyoshiba mbolea hutoa majani makubwa ya kupendeza na ua moja la kubahatisha. Yenye njaa kidogo ndiyo inayochanua. Lakini kiu ni jambo jingine kabisa, na kikapu hukauka mara nyingi zaidi kuliko kitanda cha bustani. Ukilishika hilo, mengine yote ni rahisi.

Kikapu, ndoano na nguo za jirani

Tafuta kikapu chenye upana wa sentimita 35 na kina kisichopungua 20. Kile kidogo cha sentimita 25 kinachovutia macho kwenye vitalu vya kando ya barabara ni cha bei nafuu, lakini kipindi cha jua kitakauka kabla hujarudi kutoka kazini. Fundi wa juakali atakukunjia cha waya ukimwonyesha picha. Mwambie aweke minyororo mitatu ya urefu sawa. Mitatu hujisawazisha, minne mara nyingi mmoja hulegea na kikapu kikakaa upande.

Kikapu cha ukubwa huo kikishanywa maji kinaweza kufika kilo 10 hadi 15, kwa hiyo msumari wa inchi tatu haufai. Kwenye boriti ya mbao tumia ndoano yenye parafujo nene. Kwenye dari ya zege, fundi atoboe na kufunga bolti. Usikitundike kwenye gata, wala kwenye dari ya plastiki, wala kwenye waya wa kuanikia nguo. Keateka aulizwe kabla ya drili kuwashwa, si baadaye.

Halafu angalia kilicho chini. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye udongo mwekundu yana rangi, na shuka nyeupe ya jirani wa ghorofa ya chini ikishapata matone hayo, hutasikia mwisho wake. Sogeza kikapu mbali na kamba yake, au funga sahani ya plastiki chini yake na uimwage kila baada ya kumwagilia.

Upande wa nyumba una uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Baraza linalotazama mashariki ndilo bora kuliko yote: jua la asubuhi hadi karibu saa sita, kisha kivuli. La magharibi linafaa miezi ya baridi, ila Januari na Februari jua la alasiri huunguza, hivyo kikapu kirudishwe ndani kidogo, karibu na ukuta. Wa kaskazini na kusini wana kalenda yao, kwa sababu tuko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa limeegemea kaskazini, na Desemba limeegemea kusini. Mwenye baraza la kusini asishangae mmea wake ukirefuka mashina na kukosa maua mwezi wa Julai, wakati mawingu yamefunika Thika kutwa nzima. Hapo ning'iniza ukingoni kabisa, mahali penye mwanga mwingi unaopatikana.

Tandiko na udongo

Kikapu cha waya kinahitaji kitu cha kuuzuia udongo. Nyuzi za nazi zinauzwa zikiwa zimeshakatwa kwa umbo la kikapu, lakini gunia kuukuu la mkonge hufanya kazi ileile. Likate, lilaze ndani, upinde mdomo wake nje ya ukingo. Nusu ya chini iwekee plastiki ndani ya gunia ili maji yasitoroke yote. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hiyo tumia paketi za maziwa: zipasue, zioshe, zitoboe matundu matano au sita, uzitandaze. Bila matundu umetengeneza kidimbwi, na mizizi itaoza.

Udongo ni pale Kamenu inapokusaidia au kukuponza kulingana na ulikochota. Kuna udongo mwekundu, laini, uliozoea kahawa, na kuna ule mweusi unaopasuka mipasuko ya kuingia mkono wakati wa kiangazi na kunata kwenye gumboti mvua ikinyesha. Mweusi usiutie kikapuni hata kidogo. Ni mzito, huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka na kuyaacha maji yapite pembeni bila kugusa mizizi.

Kwa kikapu cha sentimita 35, pima kwa gorogoro: mbili za udongo mwekundu uliochekechwa, moja ya mboji iliyooza vizuri, na moja ya kitu cha kulegeza, ama maganda ya mpunga ama nyuzi za nazi zilizosagwa. Maganda ya mpunga hutoka Mwea na wafugaji wa kuku huyatandika mabandani. Chukua yale mapya, ambayo kuku hawajayalalia. Yaliyotoka bandani yamejaa naitrojeni, na hiyo ndiyo mbolea ya majani. Changanya yote yakiwa na unyevu kidogo, kamata ngumi moja na uiminye: ikishikana kisha ikavunjika ukiigusa kwa kidole, iko sawa. Ikibaki donge gumu, ongeza maganda. Jaza kikapu, acha sentimita tatu juu ili maji yapate pa kutulia kabla ya kuzama.

Gorogoro moja ya mboji ndiyo lishe yote hadi maua yatoke. Usiongeze ya pili kwa huruma.

Mbegu gani, na lini

Kwenye pakiti tafuta maandishi Tropaeolum majus. Iliyoandikwa Nasturtium officinale ni mboga ya majini, na haitakufaa kikapuni. Kisha soma tabia ya mmea. Kuna za kichaka, kama Tom Thumb, zinazobaki fupi na kujaza kikapu juu. Kuna za Gleam, zinazoning'inia kiasi, na kwa maoni yangu ndizo zinazofaa baraza dogo kuliko zote. Alaska ina majani yenye mabaka meupe, kwa hiyo hupendeza hata kabla ya kuchanua. Empress of India ina maua mekundu mazito na majani ya kijani kilichokoza. Halafu kuna zile ndefu zinazotambaa mita mbili na zaidi. Za aina hiyo zifikirie mara mbili, isipokuwa unaishi ghorofa ya tatu na jirani wa pili ni rafiki yako.

Anayetaka kujua urefu huo unaweza kufika wapi aangalie Boston, Marekani. Katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, lililofunguliwa mwaka 1903, kila Aprili huteremshwa nastashiamu kutoka kwenye madirisha ya ghorofa za juu, mikia ya mita sita hivi ikining'inia juu ya ua wa ndani. Maonyesho hukaa kama wiki tatu, lakini mbegu hupandwa katikati ya mwaka uliotangulia, na mimea hulelewa miezi mingi kwenye nyumba ya vioo. Sisi tuna jua la bure mwaka mzima, na hatuhitaji vioo.

Kuhusu majira, Kamenu ina milango miwili mizuri. Wa kwanza ni mwanzo wa Oktoba, mvua za vuli zikinukia, na maua utayapata Desemba. Wa pili ni Aprili, katikati ya mvua ndefu, ili mmea ukue kwa unyevu na uchanue Juni na Julai, wakati wa ubaridi. Huo wa pili ndio ninaoupenda, kwa kuwa nastashiamu hufurahia baridi ambayo sisi tunailalamikia. Januari usipande. Mche mchanga, jua kali na mgao wa maji havipatani.

Usiku wa kuamkia kupanda, loweka mbegu kwenye kikombe cha maji. Ganda lake ni gumu na limekunjamana, na kulowa huharakisha kuota. Asubuhi panda tano: nne zikizunguka, sentimita saba kutoka ukingoni, na moja katikati. Kila mbegu izame sentimita moja na nusu, kisha ifunikwe vizuri, maana huota gizani. Panda moja kwa moja kikapuni. Mizizi ya mmea huu haipendi kusumbuliwa, na mche uliohamishwa kutoka kwenye kikombe mara nyingi hununa wiki nzima.

Kikapu kikalishe juu ya ndoo, kivulini, hadi miche itoke. Itachukua siku 7 hadi 14. Ikishakuwa na majani manne, bakiza mitatu yenye nguvu. Mingine usiing'oe, utavuta na mizizi ya jirani zake. Ikate kwa mkasi na uile. Miche iliyobaki ikifika urefu wa kiganja, minya ncha za juu ili itoe matawi, kisha kikapu kipande mahali pake.

Maji

Hapa ndipo pa kutulia. Bustani ya ardhini ina akiba chini, mizizi hushuka kuitafuta. Kikapu kina lita kumi tu za udongo, na upepo huvuta unyevu juu, chini na ubavuni. Kipindi cha baridi, kumwagilia mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Januari na Februari ni kila siku, na kwenye baraza la magharibi huenda ikawa asubuhi na jioni.

Usimwagilie kwa saa wala kwa kalenda. Weka kiganja chini ya kikapu na ukiinue kidogo. Baada ya siku chache mkono utaujua uzito wa kikapu kilichoshiba na wepesi wa chenye kiu, na kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko rangi ya udongo wa juu. Kama hufikii, chomeka kidole hadi fundo la pili. Kukiwa kukavu, mwagilia polepole, karibu lita moja na nusu, hadi matone yaanze kutoka chini. Maji yakimiminika chini mara tu unapoyamwaga, usidhani umemaliza. Ina maana udongo umesinyaa na kuachana na gunia, na maji yanapita pembeni. Teremsha kikapu, kizamishe nusu kwenye beseni kwa nusu saa, kinywe chenyewe.

Majani yakilegea saa nane mchana, subiri. Mara nyingi ni joto tu, na jioni yatainuka. Yasipoinuka kufikia magharibi, ni kiu. Majani yakiwa ya manjano huku kikapu ni kizito, umezidisha. Vyote viwili hutokea, ila kwa kikapu kiu ndiyo inayoua mimea mingi.

Siku za mgao, tenga mtungi mmoja wa lita 20 kwa ajili ya mimea tu. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa, yakishapoa kama yalikuwa ya moto. Ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyatumie, chumvi zake hujikusanya kwenye udongo mchache wa kikapu na kuunguza mizizi. Na kabla ya safari ya Krismasi kwenda ushago, amua mapema. Chupa ya nusu lita iliyotobolewa kifuniko kwa sindano na kuchomekwa kichwa chini itakusogeza siku moja au mbili, si wiki. Kwa wiki, kikapu kiteremshwe kivulini na mtoto wa jirani aachiwe maagizo pamoja na hela ya soda.

Kuna jambo moja la kutazama wakati wa kumwagilia. Jani la nastashiamu ni la mviringo, kikonyo kimeingia katikati kwa chini kama mpini wa mwavuli. Dondoshea maji juu yake: hayatalowesha. Yatajikusanya kuwa shanga moja inayong'aa, na ukiligusa jani kidogo shanga hiyo itateleza, ikizoa vumbi la murram njia nzima hadi ukingoni. Uso wa jani umefunikwa na nta yenye vinundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ndivyo vinavyoyakataa maji. Kwa mtaa wenye vumbi kama wetu, hiyo ni neema: kunyunyizia majani maji safi asubuhi mara moja kwa wiki huyarudishia rangi.

Mbolea, kama ni lazima

CAN unayowekea sukuma wiki iache kwa sukuma wiki. Urea vilevile, na samadi ya kuku vilevile. Ukiona majani mapana kama sahani na maua yamejificha chini yake, umeshazidisha. Acha kila kitu isipokuwa maji, na punguza majani makubwa kwa mkasi ili mwanga uingie. Baada ya miezi mitatu hivi, mmea wote ukipauka na kuanza kutoa maua madogo, upe gorogoro nusu ya mboji juu ya udongo, mara moja. Basi.

Kung'oa maua yaliyonyauka husaidia zaidi kuliko mbolea yoyote. Mmea unaoachiwa kufunga mbegu huona kazi yake imekwisha. Pita kila siku mbili, tatu, ukiyachuma kwa kucha.

Wageni

Nastashiamu iko katika kundi moja na kabeji na sukuma wiki, na ule ukali wa haradali ulio ndani yake ndio unaoita wadudu walewale. Vidukari weusi ndio watakaokutembelea kwanza, wakijipanga chini ya jani na kwenye shingo za maua. Kila unapomwagilia, geuza majani mawili matatu. Wakiwa wachache waminye kwa vidole au wapige kwa maji ya nguvu. Wakizidi, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyizia jioni chini ya majani, kisha suuza asubuhi. Ukiona vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, usivifukuze, vimekuja kula vidukari. Mistari myeupe inayozungukazunguka ndani ya jani ni njia za funza wadogo. Chuma jani hilo ulitupe mbali.

Dawa za kuua wadudu kutoka agroveti siziungi mkono hapa, kwa sababu moja tu: utaila mmea huu. Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua mche uliokwisha kuchanua kitaluni, usiule. Hujui ulipuliziwa nini. Uufurahie kwa macho na uvune mbegu.

Mgeni mwingine ni chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. Nyuma ya ua kuna mkia mrefu wenye asali, na akishaujua atarudi.

Jikoni

Majani machanga manne matano, yaliyooshwa na kukatwakatwa, yakitiwa kwenye kachumbari hufanya kazi ya pilipili, ila ukali wake hupanda puani na kuondoka upesi. Kando ya nyama choma yanakaa vizuri. Majani makubwa ni makali na magumu, hayafai. Ua liangalie ndani ya mkia kabla ya kulila, sisimizi nao wanapenda asali. Kula kama kiungo, si kama sahani ya mboga. Tumbo ambalo halijazoea litalalamika.

Mbegu za kijani, zikiwa bado laini, zinatengenezeka achari. Ziloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, zisuuze, zikaushe, zijaze kwenye chupa safi ya kioo na uzifunike kwa siki iliyochemshwa. Baada ya wiki chache zitakuwa tayari kwa samaki au viazi.

Kukata na kuanza upya

Vitabu vingi vinasema mmea huu huishi msimu mmoja. Hivyo ni kwenye nchi za theluji, ambako baridi huuua. Kamenu unaweza kupita mwaka, ingawa baada ya miezi mitano hivi mashina hurefuka, huwa ya manjano chini na kuonekana makavu. Usiutupe. Mwanzo wa mvua ukate hadi sentimita kumi, mwagilia, na machipukizi yatatoka ubavuni. Vipande ulivyokata, chagua vyenye ncha changa, ondoa majani ya chini, vitie kwenye gilasi ya maji dirishani. Vikitoa mizizi una kikapu cha pili bila kununua chochote.

Mbegu za kuhifadhi zivune zikishapauka na kudondoka zenyewe ukizigusa. Hukaa tatu tatu, zimeshikana, zitenganishe. Zianike kivulini juu ya gazeti kwa wiki moja au zaidi, hadi ziwe nyepesi na ngumu, kisha zitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, na uandike mwezi na rangi ya ua. Rangi huenda isirudi vilevile kama ulikuwa na aina mbili karibu. Jirani unayempa mwambie hilo mapema, pamoja na habari ya samadi ya kuku.